Muulize Fundi: Bloki ya Massey imepasuka, niichomelee?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Karatu. Mzee wetu ametuachia trekta Massey Ferguson 135, ile ya Perkins pistoni tatu, na bado inalima vizuri tu. Msimu huu dereva kaiacha ikachemsha shambani mpaka rejeta ikakauka, akachota maji ya baridi akamimina humo humo injini ikiwa ya moto. Tangu hapo bloki, ule mwili wa injini, inavuja maji ubavuni, kuna ufa kama urefu wa kidole. Fundi mmoja anasema nimpelekee asubuhi, jioni ataniita imeshachomelewa. Mwingine anasema nitafute bloki nyingine. Nimsikilize yupi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo wa asubuhi na jioni mkimbie kabisa, na huyo wa bloki nyingine mwambie asubiri kidogo.

Iko hivi. Bloki ni kasti, chuma cha kutupwa, kina kaboni asilimia 2 mpaka 4, wakati chuma cha geti hata 1 hakifiki. Kasti haivutiki. Sasa mtu akija na vijiti vyake vya kuchomelea mageti akawasha pale ubavuni, sehemu moja inakuwa nyekundu na bloki nzima iliyobaki ni ya baridi, ile nyekundu ikianza kupoa inasinyaa inavuta pembeni, na pembeni hapo pameshakuwa pagumu kiasi kwamba hata drili haing'ati. Utasikia "ti!" umekaa zako unakunywa chai, ndo ufa wa pili huo, milimita chache tu kutoka kwenye weldi. Vipo vijiti vya nikeli vya kazi ya kasti, vizuri sana, ila vina bei, na kazi yenyewe ni ya kuchomelea kipande kifupi kama sentimita 2 na nusu, unagongagonga na nyundo ndogo, unasubiri mpaka pashikike kwa mkono ndo uendelee. Kwa bloki iliyokunywa oili miaka yote hiyo (135 ziliacha kutengenezwa kule Coventry, Uingereza, miaka ya 1970, kwa hiyo hata iwe changa vipi ni mzee) mimi sitii moto ubavuni.

Kabla ya yote chomoa kijiti cha kupimia oili uangalie. Oili ikiwa imegeuka nyeupe nyeupe, maji yanaingia ndani pia, basi hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, lazima ishuke na huenda yule wa bloki nyingine akawa sahihi. Angalia pia ufa umekaa wapi. Hiyo trekta haina chasisi, injini yenyewe ndo chasisi, mbele imebeba ekseli na nyuma imefungwa na gia boksi, kwa hiyo ufa uliofika kwenye matundu ya bolti za kuunganishia huko ni mzigo mzito, usiuzibezibe.

Oili ikiwa safi na ufa uko kwenye ukuta unaozuia maji ya kupoza tu, ushone bila moto. Presha ya maji pale ni ndogo, haifiki hata ya tairi la baiskeli. Mwaga maji, kwangua rangi yote, safisha na petroli injini ikiwa ya baridi, acha pakauke, paka mafuta ya taa, futa, halafu sugua chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na utaona mstari wote, na nakuhakikishia utakuwa mrefu kuliko ulivyoona kwa macho. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho, sogea mbele kidogo ya pale mstari unapoishia, ili ufa usiendelee kutembea. Halafu unaanzia mwisho mmoja: drili ya milimita 5, tapu (ile ya kukatia nyuzi ndani ya tundu) ya M6, yaani ya bolti ya milimita 6, unazungusha bolti laini iliyopakwa silanti, gundi ya kuzuia kuvuja, unaikata juu kwa msumeno. Tundu linalofuata linamega bolti ya kwanza kama theluthi hivi, na hilo nalo tapu, bolti, kata, mpaka mwisho, kila moja imeshikana na mwenzake. Zungushia tepu kwenye drili kuweka alama ya kina, ukuta wenyewe ni mwembamba na nyuma yake kuna silinda. Ukimaliza gonga taratibu, sawazisha na faili.

Na dereva mwambie ikichemsha tena aiache ipoe yenyewe, maji baadaye.

SWALI: Manifodi ya egzosti ya trekta yangu, ile inayokusanya moshi kutoka kwenye hedi, ina ufa. Naweza kupaka ile gundi ya chuma ya tyubu mbili? Msomaji, Babati.

JIBU: Hapana kaka. Gundi hizo nyingi hazivuki nyuzi 300 na manifodi ya injini inayolima inapita hapo mbali, itaungua siku hiyo hiyo. Manifodi za trekta nyingi za zamani bado zinauzwa mpya, nunua na gasketi yake, na kabla hujafunga weka rula ndefu kwenye uso wa hedi uone kama pamenyooka, maana pakiwa na kilima ukikaza bolti hiyo mpya nayo inapasuka.