Nyuki wamekufa siku ya kupanda mahindi na hakuna aliyepulizia dawa? Angalia feni ya mashine

Mwenye uzi huu, mfugaji nyuki, anauliza sumu iliyoua nyuki wake imetoka wapi, maana jirani alikuwa akipanda mahindi tu. Imetoka kwenye mbegu zenyewe.

Punje zilizopakwa dawa za kuua wadudu kama klothianidini, imidaklopridi au thiametoksamu husuguana ndani ya mfuko na ndani ya mashine, dawa ikabanduka ikawa vumbi. Mashine za kupandia zinazofyonza hewa ndizo hatari zaidi. Feni huvuta hewa ili punje zinase moja moja kwenye sahani yenye matundu, halafu hewa hiyo hutupwa nje na vumbi lake. Tundu la kutolea hewa likielekea juu, upepo unalipeleka vumbi kwenye maua ya pembeni. Unga wa talki au grafiti wa kutelezesha mbegu nao hukwangua dawa na kuruka nayo, kwa hiyo mpandaji asizidishe.

Msidharau vumbi hilo. Punje ya mahindi huweza kupakwa miligramu 1.25 za klothianidini, na nanogramu kama 4 kwa kila nyuki, zikimezwa, zinatosha kuua nusu yao. Punje moja ina dozi za namna hiyo zaidi ya laki tatu.

Ndivyo ilivyokuwa Baden-Württemberg, Ujerumani, katika bonde la Rhine, Aprili na Mei 2008: dawa haikushika vizuri kwenye mbegu, mashine zilitupa hewa juu, hali ilikuwa kavu yenye upepo, na kanola (zao la mafuta) ilikuwa imechanua. Makundi ya nyuki zaidi ya 11,000 yaliathirika. Baadaye Ujerumani ikaweka kikomo cha gramu 0.75 za vumbi kwa punje 100,000 za mahindi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa hizo tatu kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018.

Kwa jirani yako: afunge bomba la kushusha hewa ya feni hadi karibu na udongo. Mfuko aumimine taratibu, na unga wa chini asiukung'utie kwenye sanduku la mbegu. Upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde, aahirishe. Magugu yenye maua pembezoni ayafyeke kabla ya kupanda, na mashine asiipulize wala kuiosha karibu na mizinga au dimbwi wanakokunywa nyuki. Anayepanda kwa jembe hana feni, ila mfuko wenye vumbi anao.

Kuziba milango ya mizinga kutwa nzima sikushauri. Kwenye joto utawaua mwenyewe. Ukiarifiwa mapema, ihamishe kilomita 3 au zaidi.

Nyuki kutetemeka na kutoa ulimi ni dalili tu, sumu nyingine nazo hufanya hivyo. Ukitaka ushahidi, kusanya siku hiyohiyo gramu 100 za nyuki waliokufa, kama elfu moja hivi, pamoja na maua ya mpakani katika mfuko wake, ugandishe vyote. Wakikaa juani siku mbili tatu, maabara huenda isikute kitu, na jirani atakuambia ni ugonjwa.