Kupima matundu ya lava kwa ImageJ

Ndugu, umeuliza kwa nini ImageJ, programu ya kupima vitu kwenye picha, inakupa pikseli (nukta za picha) badala ya milimita unapopima matundu ya gesi katika lava ya volkano ya Nyiragongo uliyookota hapo Goma. Programu haijaambiwa kipimo. Weka rula kando ya jiwe lililokatwa na kusuguliwa hadi uso uwe bapa, kisha piga picha kamera ikitazama chini wima. Rula iwe kwenye kimo kilekile na uso wa jiwe. Ikilala mezani huku jiwe limeinuka, matundu yote yatatoka makubwa kuliko yalivyo. Chora mstari wa milimita 50 juu ya rula, fungua Set Scale, andika 50 na mm.

Tatizo kubwa zaidi ni weusi wa lava yetu. Tundu jeusi ndani ya jiwe jeusi, Threshold, amri inayotenganisha sehemu nyeusi na nyeupe za picha, itatenganisha nini? Jaza matundu unga laini wa chokaa, pangusa uso vizuri, ndipo upige picha. Fuwele nyeupe nazo zitahesabiwa kama matundu, kwa hiyo zifute kwanza kwa mkono kwenye picha.

Geuza picha kuwa 8-bit, yaani ya kijivu, weka Threshold, kisha Analyze Particles, inayohesabu na kupima matundu, ukianzia milimita 0.1 za mraba ili vumbi lisiingie. Ukitaka ukubwa wa kila tundu, ondoa yanayokatwa na ukingo wa picha. Ukitaka asilimia ya uwazi, yaani sehemu ya uso iliyo matundu, yaache. Amri ya Watershed hutenganisha matundu yaliyogusana, lakini hukatakata marefu pia, basi linganisha na picha ya asili. Na usihifadhi kwa JPEG, inaharibu kingo, tumia TIFF.