Viminyoo vyeupe kwenye kamba wa Kariba

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi Siavonga, Zambia. Nimewaweka kwenye tangi kamba wa maji baridi niliowanunua kwa wavuvi wa Ziwa Kariba, wale ambao madume yao yana doa jekundu kwenye gando. Wamejaa viminyoo vyeupe vinavyotembea kama ruba, na chini ya mkia kuna vipunje vya kahawia vilivyogandamana. Kijana wangu wa kazi anasema vinawanyonya damu. Niwatupe? Wanalika?

JIBU: Marahaba. Usiwatupe, na wanalika.

Hao si ruba, ni temnosefala, jamaa ya minyoo bapa. Chukua kimoja ukiweke kwenye kisosi cha maji, ukitazame kwa kioo cha kukuzia. Mbele kina vipapasio, nyuma kina kikombe cha kujishikizia. Kinajinyoosha, kinashika mbele, kisha kinavuta nyuma hadi mgongo unajikunja. Chakula chake ni vijidudu vinavyoelea majini, na hata wenzake wadogo. Kamba kwake ni usafiri na makazi tu. Vipunje vya kahawia ni mayai.

Bara la Afrika halina kamba wa asili wa jamii hii; wako Madagaska. Huyo wako, Cherax quadricarinatus, ametoka Australia kwa ajili ya ufugaji, akaja na wapangaji wake.

Shida huanza wapangaji hao wakizidi. Wakijazana kwenye matamvua wanaweza kumbana pumzi, na mayai mengi yanamharibia sura sokoni. Waogeshe kamba katika maji ya chumvi kwa muda mfupi, ukianza na mmoja uone anavyovumilia, minyoo itaachia. Mayai ni magumu zaidi, hivyo utarudia. Akijivua gamba, mayai yaliyobandikwa huondoka nalo: litoe tangini mara moja.

Ukiona utando kama pamba badala ya minyoo, hao mara nyingi ni viumbe wa seli moja, Epistylis na wenzao. Nao hawamli kamba, ila wanakwambia maji yamechafuka. Cha kuogopa ni nyama ya mkia kugeuka nyeupe ukimtazama kwa chini, huku akilegea. Hapo kuna vimelea ndani ya misuli, aina ya Thelohania, na sijui dawa yake. Mtenge huyo.

Temnosefala hawamwambukizi binadamu. Hata hivyo usile kamba wala kaa wa mtoni mbichi: huko Kameruni na Nigeria kaa hubeba minyoo ya mapafu, Paragonimus. Chemsha hadi nyama iive kabisa.

Na usidharau abiria wa gamba. Kenya, viluwiluwi vya inzi wa usubi, Simulium neavei, walikuwa wakikaa juu ya kaa wa mtoni, na kaa mwenyewe haumwi. Walioumia ni watu wa kando ya mito, walioumwa na inzi hao na kupata ugonjwa wa usubi unaopofusha macho, hadi dawa ya kuua wadudu, DDT, ilipowamaliza inzi hao miaka ya 1950.

Kwa hiyo maji ya tangi yamwage kwenye ardhi kavu, mbali na mfereji, abiria hao wasifike mtoni. Na ukirudi nyumbani Tanzania, usibebe kamba hai hata mmoja.