Kodi ya gemu na kodi ya nyumba

Swali: Shikamoo kaka. Mi ni kijana wa miaka 27 nipo Tanga, nina diploma ya IT na nimeajiriwa kwenye kampuni ndogo inayotengeneza mifumo ya mauzo ya maduka na famasi. Mshahara sio mbaya ila kazi yenyewe inachosha kaka, kila siku ni ripoti ya stoo, risiti haitoki, mteja anataka kitufe kibadilishwe rangi. Usiku nikirudi natengeneza gemu ya bao, lile bao lenyewe la kiswahili, huu mwaka wa 3 sasa na haijaisha. Mke wangu anasema namaliza umeme bure. Akiba ninayo ya kama miezi 5. Nimewaza niache kazi nikae chini niimalize, niiuze, alafu niwe mtu wa magemu tu. Yule jamaa wa Flappy Bird si alikuwa peke yake na alipiga hela? Naomba ushauri. *Kete Moja, Tanga*

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Ngoja nianze na huyo wa Flappy Bird maana haipiti muda sijapata swali linalomtaja, na wote mnamtaja nusu. Dong Nguyen wa Hanoi, Vietnam, ile gemu aliitengeneza kwa siku chache tu mwaka 2013 na mchana alikuwa na kazi yake, anaandika programu za vifaa vya kuonyesha teksi iko wapi. Hakuacha kazi ndo akatengeneza. Gemu ikakaa miezi kibao hamna anaeijua, ikaja kulipuka mwanzoni mwa 2014, ikasemwa inaingiza dola 50,000 kwa siku kwa matangazo, na Februari hiyohiyo akaitoa sokoni mwenyewe, akasema hawezi tena. Yani hata aliepata, ilimshinda.

Markus Persson wa Minecraft nae hivohivo. Mwaka 2009 anatoa yale matoleo ya kwanza kule Uswidi alikuwa na ajira kwenye kampuni ya programu za albamu za picha, kaja kuacha watu washaanza kuinunua tayari. Aliefanana kidogo na unachokiwaza we ni Eric Barone wa Stardew Valley, aliifanya peke yake kama miaka minne na nusu mpaka ikatoka Februari 2016, lakini mpenzi wake alikuwa anafanya kazi na yeye mwenyewe alikuwa na kibarua cha kuonyesha watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho huko Seattle. Miaka minne na nusu bro. We una miezi mitano.

Mi mwenyewe niliwahi kuacha, ndo maana nakuandikia hivi. Nilikuwa na gemu ya daladala, we ni konda, unadaka abiria unapanga siti unarudisha chenji kabla ya kituo kufika. Nikamuaga bosi nikakaa nyumbani. Sasa sie watu wa kompyuta kile tunachoandika tunakiita kodi, na mwenye nyumba nae ana kodi yake, ya miezi sita kwa mpigo kama ilivyo Dar, na hizi kodi mbili hazijawahi kuelewana. Nikaweka matangazo ya Google. Hela ya matangazo haitoki mpaka ifike dola 100, mi baada ya mwaka na kitu nilikuwa na dola 38, na zipo hukohuko mpaka leo.

Ila sio dola 38 ndo zilizoniuma. Konda wangu alikuwa na maneno yake, "sogeeni nyuma huko", "siti ya nyuma watano watano jamani", niliyaandika kwa mapenzi kabisa, nikamrekodi na binamu yangu ambae aliwahi kuwa konda kweli. Siku moja nikajikuta nayafuta yote ili nipate pa kubandika tangazo chini ya skrini. Kuanzia hapo nikiifungua ile gemu naona mabango tu, sicheki tena. Nikarudi kwenye kazi ya hela, mfumo wa shule moja binafsi ambayo siitaji jina, wakanipa advansi, salio wakanizungusha mpaka mfumo ukaingia mwaka wa pili unatumika. Kwaiyo usidhani naisifia sana na hiyo nyingine.

Turudi kwenye bao lako. Miaka 3 haijaisha, na we unadhani tatizo ni muda. Mi naona haina mteja. Mfumo wa famasi unaisha kwa sababu mwenye famasi anapiga simu saa 2 asubuhi ana foleni ya watu na risiti haitoki, hata kama humpendi lazima uende. Gemu hamna wa kupiga simu. Kwaiyo usiku unakaa unabadilisha rangi ya kete, unaweka kivuli kwenye mashimo, unaanza upya mara ya nne kwa sababu umesikia kuna injini mpya (ile programu ya kutengenezea magemu), na yote hayo unayaita kazi. Ukiacha ajira utakuwa na mchana mzima wa kubadilisha rangi ya kete.

Na sikudharau, bao sio drafti. Mashimo 32, kete 64, kila mtu anaanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, lile shimo la nyumba lina 6 zake na sheria zake, kwenye namua, yani sehemu ya kwanza, unaingiza kete mojamoja, mkishamaliza za mkononi mnaingia mtaji ambako sheria zinabadilika, na kutakata, yani kusambaza kete bila kula, huruhusiwi kama una cha kula. Kuna wazee wanaocheza miaka 40 bado wanabishana. Alafu kuna kitu pengine kishakukuta hukujua ni nini: zipo hatua kwenye bao ambazo kete zinazunguka tu na hazimaliziki, sio porojo, watafiti wa michezo wamelichunguza hilo na kuliandikia kabisa. Programu yako ikiingia humo inaganda, na we utakesha wiki unatafuta bagi, yani kosa la kwenye kodi, ambayo haipo. Hesabu mashimo ambayo hatua imepita, ikizidi elfu kadhaa ikatwe, basi.

Sasa fanya hivi. Ile sehemu ya mtu kucheza dhidi ya kompyuta, kucheza mtandaoni, taji, ligi, na ile skrini ya kuchagua aina ya mti wa ubao (najua unayo, wote tunayo), weka pembeni. Bakiza watu wawili wanashikana simu moja. Akaunti ya Google Play ni dola 25 unalipa mara moja, ila akaunti mpya ya mtu binafsi siku hizi hairuhusiwi kutoa apu kwa umma mpaka watu 12 wawe wameijaribu siku 14 mfululizo. Wengi wanalilalamikia sharti hilo, kwako ni zawadi. Nenda kijiwe cha bao jioni, sijui huko kwenu kipo wapi ila Tanga hakikosekani. Wazee wenye simu za batani waje na simu za wajukuu. Mzee wa kwanza akikwambia "we mtoto hapo hawezi kutakata, ana la kula pale", huyo ndo mteja wako, kesho lazima urudi umerekebisha maana atauliza, na wala hajakulipa hata mia. Mi nakwambia bao litaisha kabla ya Ramadhani.

Iache bure. Ukitaka hela, hela ipo kwenye famasi. Na zile tabia za kazini, kuhifadhi kila toleo, kuandika vipimo vya kuijaribu kodi, kutobadilisha vitu vitatu kwa mkupuo, zipeleke kwenye gemu, maana nakisia usiku unaandika kienyeji kwa sababu "si ni yangu tu".

La mwisho, laptopu ya ofisi usiitumie. Mikataba mingi ya ajira ina kipengele kwamba utakachotengeneza kwa vifaa vyao au muda wao ni chao, kasome wa kwako leo. Alexey Pajitnov aliandika Tetris mwaka 1984 akiwa kazini Moscow kwenye kompyuta ya taasisi ya serikali, dunia nzima ikacheza, watu wakashtakiana mahakamani kwa mamilioni, yeye akaja kuanza kula hela ya maana ya gemu yake 1996. Na LUKU ya usiku nunua wewe, shemeji ana haki yake.

Swali: Habari ndugu mhariri. Nina kijana wangu yuko kidato cha pili hapa Mombasa, kila Jumamosi yuko kwenye kompyuta ya mjomba wake asema atengeneza gemu. Baba yake asema kama ni kompyuta basi ajifunze za pesa, na amemuahidi kila akimaliza tovuti moja atampa shilingi 500. Mimi naona kama mtoto anapoteza hamu. Nifanyeje? *Mama Salim*

Jibu: Shikamoo mama. Kwanza hakikisha anatengeneza kweli, maana kutengeneza na kucheza kwa mbali vinafanana. Kaa nae umwambie akuonyeshe kitu kimoja kwenye hiyo gemu alichokiandika yeye, alafu umwambie akibadilishe mbele yako, mpira uende polepole, mtu awe mwekundu. Akiweza, huyo anafanya kazi kuliko unavyodhani, humo ndani kuna majira ya nukta, kuna pembe, kuna nambari hasi, vilevile anavyovikimbia shuleni. Akianza kubabaika oo kompyuta imekwama, basi anacheza gemu ya mpira wa Wazungu tu, mpe ndoo akateke maji.

Kuhusu zile 500, mama hamu yako ya kulinda hamu yake ina msingi. Mwaka 1973 kulitoka utafiti wa Marekani, walifanya kwenye shule ya chekechea ya chuo kikuu cha Stanford, wakachukua watoto wanaopenda kuchora wenyewe bila kuambiwa. Wengine wakaahidiwa cheti chenye utepe wakichora, wengine wakapewa cheti kwa kushtukizwa baada ya kuchora, wengine hawakupewa kitu. Wiki moja mbili baadae kalamu zikawekwa tena mezani, wale walioahidiwa wakawa wanachora muda mfupi kama nusu tu ya wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua. Kwaiyo mwambie mzee asiahidi. Akimuona kijana kamaliza kitu na kimemfurahisha, atoe hiyo 500 kimyakimya akanunue viazi karai. Wateja wa tovuti wapo, watamsubiri amalize shule, na watamzungusha salio kama walivyotuzungusha sie.

Swali: Oya mkuu, nina gemu ya bodaboda, kwenye simu yangu inaenda freshi kabisa ila kwa braza ambae kanunua simu mpya boda inapaa kama ndege, unagonga lori hata hujaliona. Kodi ni ileile. Simu yake ina tatizo gani? *Dereva, Mbeya*

Jibu: Simu yake haina tatizo, we ndo umeandika vibaya, na usijali wote tumepita hapo. Simu yako inachora picha 60 kwa sekunde, ya braza bila shaka inachora 120. We umeiambia boda "kila picha sogea pikseli 4", kwaiyo kwako inaenda pikseli 240 kwa sekunde na kwa braza 480. Andika kasi kwa sekunde, yani 240, alafu zidisha na muda uliopita tangu picha iliyotangulia, kwako ni kama sekunde 0.0167 na kwake 0.0083, injini za magemu zinakupa hiyo namba, kwenye injini ya Godot inaitwa delta. Boda zitaenda sawa.

Angalia lakini usizidishe kila kitu kwa furaha. Kama boda inaruka matuta, ile kasi ya kuruka unayoipa mara moja tu kidole kikigusa skrini usiizidishe na delta, iache, ukiizidisha boda itainuka kama kidole kimoja hivi alafu utaniandikia tena. Mvutano wa kushuka chini ndo unazidishwa, maana huo unafanya kazi kila picha. Mi miaka mingapi naandika mifumo ya stoo na hakuna mwenye duka aliewahi kuniuliza habari ya milisekunde 16, gunia la sukari lipo au halipo, hizi adha unazipata kwenye gemu tu.

Na hiyo simu yako ya zamani braza akitaka kukununulia mpya kubali, ila ya zamani usiiuze. Ndo ya kujaribia.