Kilo 600 huisha upesi

Ndugu, unauliza kama pikapu yako inayobeba kilo 600 itamudu kibanda cha kulala cha kilo 480, kile kinachopakiwa nyuma ya gari. Hapana. Uzito anaokutajia muuzaji kwa kawaida ni wa kibanda kitupu. Jaza tangi la maji la lita 60, tayari umeongeza kilo 60. Bado mtungi wa gesi, betri, godoro, masufuria, na nyinyi wawili mliokaa mbele. Abiria nao ni mzigo, watu husahau hilo. Tafuta kibanda chenye paa la kunyanyua, kisichozidi kilo 300 hivi. Springi za kuongeza zisikudanganye: gari litainuka nyuma, lakini breki na ekseli ni zilezile. Kabla ya safari, lipitishe kwenye mizani likiwa limepakiwa kila kitu.