Tulivyotazama mvua ya vimondo, mimi na mke wangu

Ndugu uliyeuliza kama unahitaji darubini ndipo umpeleke mwenzio kutazama vimondo vya Desemba: huhitaji. Darubini inakuonyesha kipande kidogo tu cha anga, na kimondo hakisubiri. Tafuta giza, mkeka na subira.

Mwaka 2019 tulijaribu Dar, juu ya paa. Sikuangalia mwezi, kumbe ulikuwa mpevu, anga nyeupe, na taa za mtaa juu yake. Saa mbili nzima tuliona viwili. Niliumia, maana nilikuwa nimemwahidi.

Mwaka uliofuata, usiku wa Jumapili Desemba 13, tulikuwa ukweni, kijiji kimoja cha Manyoni. Mwezi angani haupo, giza totoro. Mama mkwe alituona tunatandika mkeka uani, akatuletea shuka na kutuambia tusome dua, maana hivyo ni vijinga vya moto ambavyo malaika huwapiga navyo mashetani.

Vimondo hivi huonekana kama vinatoka kwenye Mapacha, kundi la nyota linalochomoza kama saa tatu usiku, kushoto kwa kundi lingine, Jabari (Orion), ukitazama mashariki. Mapema huwa vichache ila virefu: kimoja kilianzia juu ya mwembe kikapita hadi juu ya bati la jikoni. Vinavyoshamiri ni vya saa saba hadi saa tisa, Mapacha wakiwa juu. Ni chembe tu, nyingi kama punje za mchanga, zilizoachwa na Phaethon, asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka jua, iliyogunduliwa mwaka 1983. Zinaingia hewani kwa kasi ya kilomita 35 hivi kwa sekunde, zinaungua.

Simu zimeni. Macho hutaka karibu nusu saa kuzoea giza, na ukisoma ujumbe mmoja tu unaanza upya. Tochi yetu tuliifunga kipande cha kanga nyekundu.

Halafu hili ndilo hasa nilitaka kukwambia: gawaneni anga. Mwanzoni mmoja akisema "kile!", mwenzake anageuka kimeshazimika, tukaanza kununiana. Ndipo mimi nikachukua kaskazini, yeye mashariki, vichwa vimegusana, katikati bakuli la karanga za mbegu alizokuwa akibangua mama mchana. Ukiona kimondo, unatia karanga moja kwenye kikombe chako, husemi kitu. Vikombe vilikuwa vya bati. Nalikuwa nimelala natazama upande wangu, nasikia karanga inagonga upande wake, najua ameona. Mara nyingine ziligonga mbili kwa pamoja, nikasikia anavuta pumzi. Sijawahi kukaa naye kimya muda mrefu hivyo nikafurahi hivyo.

Saa tisa mawingu yalifunga. Tukahesabu kwa ile tochi: mimi 58, yeye 71.

Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, na mama mkwe akazipanda zote.