Imetazamwa mara elfu 10, walionunua 6

SWALI: Shikamoo kaka. Mie nabangua korosho hapa Mikindani, napaki nauza kilo sh 28,000, nikitoa gharama zote nabaki na 6,000. Mwezi uliopita kijana mmoja kanishawishi tutangaze video YouTube, nikatoa laki na 20, video ya sekunde 40, akaiseti ionekane Mtwara na Lindi yote. Kaja na ripoti, imeonyeshwa mara 48,000, imetazamwa mara 10,000, eti nimeokota dodo maana kila mtazamo ni sh 12 tu. Mbona oda nimepata 6, jumla kilo 9? Nimepigwa?
Mama Korosho, Mikindani

JIBU: Marahaba dada. Hujapigwa, hesabu za kijana ziko sawa, 120,000 gawanya kwa 10,000 ni sh 12, na ukigawanya kwa zile 48,000 alafu ukazidisha mara elfu unapata 2,500, hiyo ndo wenye kazi zao wanaiita CPM, bei ya tangazo kuonyeshwa mara elfu moja. Ila kaishia njiani. Gawanya hela yako kwa wateja 6, kila mmoja umempata kwa 20,000, na kila mmoja kanunua wastani kilo moja na nusu yaani kakuachia faida 9,000, kwahiyo hapo ushaingia hasara ya 66,000. Kwa hela ileile ulitakiwa upate wateja 14 ndo uanze kuona chochote.

Sasa hapo pa Mtwara na Lindi samahani dada nimecheka kwanza. Korosho umtangazie mtu wa Tandahimba mwenye mikorosho hadi nyuma ya jiko? Video ataangalia, tena mpaka mwisho, ila hanunui. Peleka Dar. Huko mtazamo unaweza ukawa ghali zaidi maana bei ya matangazo haya ni mnada, kama mnada wetu wa korosho tu, wanaoitaka wakiwa wengi inapanda, tofauti huku mnada unapigwa upya kila tangazo linapotaka kutokea. Hata ikifika sh 20 usiogope, we angalia mteja mmoja kakugharimu ngapi.

Alafu kitu kingine, tangazo la YouTube lile ambalo mtu anaweza kuliruka asilitazame lote, ukilipia kwa mtazamo, unakatwa mtu akifika sekunde 30 au akilibonyeza (likiwa fupi kuliko hapo basi akilimaliza), anayeruka baada ya zile sekunde 5 za mwanzo hukatwi kitu. Waliokuruka wewe ni wengi sana, kwahiyo jina la korosho zako na namba ya simu viweke mwanzoni kabisa, wakuone bure. Na usije ukalinganisha na Facebook, kule sekunde 3 tu tayari inahesabika imechezwa, na mara nyingi unakatwa kwa kuonyeshwa, hata kama mtu kapitisha kidole tu.

Jaribu na elfu 30 kwanza, Dar peke yake, kila anayepiga simu muulize kakuona wapi uandike kwenye daftari. Walionunua wakifika wanne endelea, chini ya hapo simamisha ubadili video. Na mzigo wa basi alipie mteja, la sivyo ile 6,000 yako inapungua na hesabu zote hizi turudie upya.